Mlango wa Nne Ulifunguka

Kufikia saa kumi jioni Inspekta alitakiwa kuamua jambo moja tu: amfikishe mahakamani mwanamke aliyekuwa mahabusu, au amwachie aende kwao. Saa mbili na nusu asubuhi, aliposhuka garini mbele ya kituo cha mazoezi ya kurusha roketi, hakuwa hata na pa kuanzia. Alikuwa na jalada jembamba, koplo asiyejua kunyamaza, na kiungulia cha tangu jana.

"Afande, bado sijaelewa," Koplo alisema huku akifunga mlango wa gari. "Roketi yenyewe iko wapi?"

"Haipo."

"Mtu amekufa kwa roketi ambayo haipo?"

"Ndiyo maana tumerudi. Funga mdomo, fungua daftari."

Jalada lilikuwa na karatasi mbili na picha nne. Siku tatu zilizopita fundi wa kituo hicho, mwanamume wa miaka thelathini na moja, alikutwa amekufa ndani ya ukumbi wa matangi, nyuma ya mlango wa nne. Ukumbi ulikuwa umejaa nitrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayommaliza mtu bila hata kumkohoza. Daktari aliyempasua aliweza kusema amekufa asubuhi, basi. Uongozi wa kituo ulisema zaidi, tena kwa haraka: fundi alikuwa ndani kabla zoezi halijaanza, alikufa papo hapo, na kosa ni la mkuu wa meza ya usalama, aliyetia alama kwamba ukumbi ni mtupu bila kwenda kuangalia. Uzembe uliosababisha kifo. Ukurasa mmoja na nusu, sahihi, muhuri.

Mkuu huyo wa meza ya usalama, ambaye wenzake walimwita Mama Milango, alikuwa dada wa marehemu. Baba mmoja, mama mmoja. Kwa siku mbili alizokaa mahabusu alirudia maneno yale yale: "Niliingia ukumbini, nikaita, hakukuwa na mtu, nikatoka, nikatia alama." Aliyemwona akifanya hivyo hakuwepo.

Jana yake, baada ya mazishi, mama yao alileta nguo za kubadili pale polisi. Hakulia. Aliweka mfuko mezani akamtazama Inspekta usoni. "Mmoja nimemzika leo," alisema. "Huyu wa pili unanipa lini?" Inspekta, ambaye kwa miaka ishirini na mbili amejibu majambazi na mawakili, alijikuta anasoma soma mfuko ule kana kwamba una maandishi.

Meneja wa kituo aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili na tabasamu la msiba. Alivaa tai siku ya joto, na Inspekta akamchukia palepale, ingawa tai si kosa la jinai.

"Tulidhani mmeshamaliza," Meneja alisema.

"Na mimi nilidhani hivyo. Hebu nieleze upya mnafanya nini hapa, kama unamweleza bibi yako."

Aliwaingiza katika chumba kipana chenye meza saba, kila meza na skrini mbili. Hapakuwa na dirisha. Mbele kulikuwa na saa kubwa ya tarakimu, imezimwa.

"Roketi ya kweli ni ghali kuirusha kwa majaribio," Meneja alianza. "Kwa hiyo tunarusha ya kompyuta. Ziko kompyuta sita, mahali sita tofauti. Moja inaigiza roketi, nyingine matangi ya mafuta, nyingine hali ya hewa, nyingine milango na usalama. Ya sauti iko mji mwingine kabisa, mwendo wa saa tano kwa gari. Zote zimeunganishwa, zinacheza mchezo mmoja."

"Mchezo?"

"Zoezi," alijirekebisha. "Watu wanakaa kwenye meza zao na kufanya kazi yao ileile watakayofanya siku ya kweli."

"Kompyuta moja ikikatika?"

"Zoezi halisimami. Zinazobaki zinakisia. Roketi ikinyamaza sekunde kumi, wenzake wanapiga hesabu: kwa mwendo ule, sasa ingekuwa hapa. Aliye mezani hata hajui."

"Anaendelea kufanya kazi na kitu ambacho hakipo."

"Kwa kawaida wote wanafanya kazi na kitu ambacho hakipo, Inspekta," Meneja alisema, na Koplo akacheka kabla hajakumbuka yuko wapi.

Inspekta aliomba kuoneshwa njia nzima, kutoka mezani hadi ukumbini. Walipita korido ndefu, wakasimama mbele ya kabati la chuma ukutani. Ndani yake kulikuwa na tundu moja kubwa na kebo ya njano, nene kuliko kidole gumba, imechomekwa humo. Hapo Meneja alichangamka, kwani hii ndiyo iliyokuwa fahari ya kituo. Kebo ikiwa imechomekwa, vitufe vya kule mezani vinagusa vitu vya kweli: mabomba, milango, feni. Ikichomolewa, vitufe vinagusa kompyuta tu. Kabla ya kila zoezi fundi huichomoa, ili mtu aliye mazoezini asije akafungua tangi la kweli akaua watu.

"Na siku ile ilichomolewa?"

"Saa tatu na dakika arobaini na tano. Saini yake hii hapa, kwenye daftari la kabati."

"Ya nani?"

"Ya marehemu."

Inspekta aliitazama saini. Ilikuwa nadhifu, na chini yake pameandikwa *ukumbi mtupu, nimetoka*. Kazi ya mtu mwangalifu. Alikuwa ameanza kumpenda marehemu, jambo ambalo halimsaidii askari.

"Feni za ukumbini zinapata umeme wapi?"

"Zinapita kwenye kebo hiyo hiyo."

"Kitufe cha kufungulia mlango ukiwa ndani?"

Meneja alilegeza tai. "Nacho pia. Lakini kebo ikiwa imetolewa ukumbi unakuwa mtupu. Ndiyo kanuni."

"Na mlango wenyewe?"

"Una betri yake, unajifunga saa nne kamili, zoezi linapoanza. Kwa nje unafunguliwa na ufunguo wa mlinzi. Mlinzi alifungua saa tano na nusu, zoezi lilipokwisha. Ndipo alipomkuta."

Ukumbi wa matangi ulikuwa na baridi. Feni sasa zilikuwa zinaunguruma. Inspekta aliingia, akasimama mahali ambapo chokaa ilionesha fundi alipolala, hatua moja na nusu kutoka mlangoni. Kwenye mlango, kwa ndani, kulikuwa na alama za kugongwa, nyingi, zote usawa wa kifua.

"Alikutwa na spana mkononi," Meneja alisema kutoka nje, hakutaka kuingia. "Sitaki kumsema vibaya marehemu. Lakini gesi ile ilitoka wapi? Nani ajuaye alikuwa analegeza kitu gani?"

Haya, dada hatoshi, sasa wanamwangushia jumba bovu na maiti. Inspekta alimwita Koplo na tochi. Walipita bomba kwa bomba, kwa muda wa saa nzima, Koplo kapiga magoti na suruali yake ya pasi. Kila nati ilikuwa na rangi yake ya kiwandani, na kila rangi ilikuwa nzima. Spana haikuwa imegusa hata moja.

"Gesi huvuja kidogo siku zote?" Inspekta aliuliza.

"Kidogo sana. Feni zinaitoa."

"Na feni zikizimwa?"

Meneja aliinua macho kwenye feni.

Karakana ya fundi ilikuwa jirani. Ukutani kulikuwa na ubao, na kwenye ubao umbo la kila kifaa limechorwa kwa rangi nyeupe, kila kimoja kimetundikwa juu ya umbo lake. Nafasi moja ilikuwa wazi, spana namba tisa. Chini ya ubao kulikuwa na daftari la kuhesabia. Koplo alilisoma kwa sauti: tarehe ya siku ile, vifaa ishirini na tatu kati ya ishirini na vinne, saini.

"Fundi haruhusiwi kupumzika mpaka vitimie," Meneja alieleza. "Kifaa kikisahaulika karibu na roketi ni balaa. Hiyo ni sheria ya kwanza tunayomfundisha mtu."

Kwa hiyo alichomoa kebo, akatoka, akasaini, akaja hapa, akahesabu, akakuta imepungua moja. Akarudi kuichukua. Inspekta aliona yote kama yuko hapo. Ila daftari la vifaa halikuwa na saa. Mama Milango alitia alama saa tatu na dakika hamsini na mbili. Kama mdogo wake alirudi kabla ya hapo, dada alisema uongo, hakuangalia. Kama alirudi baada ya hapo, dada hana hatia.

"Alirudi kabla," Meneja alisema. "Ripoti imeeleza."

"Nani alimwona?"

"Kanuni inasema—"

"Kanuni haina macho, Meneja. Niitie anayetunga haya mazoezi."

Mtunzi wa mazoezi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa gundi pembeni. Kazi yake ilikuwa kubuni ajali, na kituo kizima kilimwita Bwana Balaa, hata kwenye hati zake za mshahara. Alikaa mbele ya Inspekta akakumbatia faili lake.

"Siku ile uliweka balaa ngapi?"

"Nane. Radi, bomba kupasuka, mbuzi kuingia uwanjani..."

"Mbuzi?"

"Watu wanajisahau. Mbuzi huwaamsha."

"Kuna balaa lolote lililohusu ukumbi wa matangi?"

Bwana Balaa alifungua faili, kisha akalifunga. "La saba," alisema polepole. "Saa nne na robo. Mtu amekwama ukumbini, hewa inapungua, meza ya usalama inatakiwa kumfungulia. Lakini hiyo ni bahati mbaya tu, Inspekta, nililitunga miezi minne iliyopita, tumelifanya mara tatu kabla ya siku ile!"

"Huyo mtu ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni sauti. Tunarekodi wafanyakazi wenyewe, zinakaa kwenye ile kompyuta ya mji mwingine. Saa ikifika, kompyuta inaipeleka masikioni mwa wahusika." Alivua miwani. "Hili la saba alirekodi fundi mwenyewe. Alikuwa na sauti nzuri ya woga. Tulimcheka sana siku ile."

Koplo aliacha kuandika.

"Kwa hiyo siku ile saa nne na robo," Inspekta alisema, "dada yake alisikia sauti ya mdogo wake akiomba mlango ufunguliwe."

"Aliisikia rekodi. Kwa mara ya nne. Akabonyeza, mlango wa nne ukafunguka kwenye skrini, mtu wa kompyuta akatoka salama, akafunga tukio. Sekunde arobaini na moja! Hakuna aliyewahi kufika chini ya dakika moja. Tulimpigia makofi."

Inspekta aliomba kuisikia rekodi. Bwana Balaa alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Sauti ya mwanamume ilijaza chumba, changa kidogo, ikijitahidi kutetemeka: *Nimekwama ukumbi wa matangi. Hewa inapungua. Naomba mlango ufunguliwe.* Kisha kikasikika kicheko kilichokatwa. Sekunde nane, kwisha.

"Na fundi mwenyewe, akiwa kazini, anavaa nini masikioni?"

"Hedfoni yenye maiki, kama sisi wote. Simu zinaachwa getini, zisije zikatoa cheche."

"Basi mtu akiwa ukumbini anaweza kuzungumza na chumba kikubwa."

"Hapana. Maiki za nje zimefungwa, la sivyo chumba kitakuwa soko. Maiki ya mahali fulani inafunguka tu balaa la mahali hapo likianza, na tukio likifungwa nayo inajifunga." Alisema hivyo kwa ulimi mwepesi wa mtu anayeeleza kazi yake. Kisha ulimi ukawa mzito. "Ya ukumbi wa matangi, ukumbi wa nne, ilifunguka saa nne na robo," alimalizia.

Inspekta alimsogezea Koplo daftari.

"Nani anaandika yanayosemwa?"

Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa mama wa makamo anayekaribia kustaafu, mwenye kalamu tatu nyweleni. Kituo kile chenye kompyuta sita kilikuwa bado kinamlipa mtu aandike kwa mkono, kwa sababu wakubwa hawakuamini kompyuta ijitolee ushahidi yenyewe. Alileta kitabu chake kikubwa amekibana kwapani.

"Saa nne na robo, mama," Inspekta alisema. "Nisomee."

Mwandishi alivaa miwani, akalowesha kidole, akafunua. Alisoma bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anavyosoma siku zote.

"'Sauti, ukumbi wa nne: Dada. Dada, unanisikia? Nimerudi kuchukua spana, mlango umejifunga. Feni hazizunguki. Nimeita sana. Meza ya usalama: Nakusikia ukumbi wa nne, nafungua. Mlango uko wazi, toka taratibu. Sauti: Haujafunguka. Dada, hauja... Tukio limefungwa. Sekunde arobaini na moja.'"

Bwana Balaa alikuwa amesimama. "Mimi sikuandika hayo," alisema. "Wallahi sikuandika. Hakuna spana kwenye balaa langu."

"Mama," Inspekta alimgeukia mwandishi, "hukushangaa?"

"Mimi naandika ninachosikia, mwanangu. Huyu Bwana Balaa kila zoezi hutia chumvi. Mara ya pili aliongeza mtoto analia. Nikasema leo kamwongezea dada." Alivua miwani. Sasa alikuwa ameelewa. "Mwenzenu niliona wamepiga makofi," alisema. "Nikaandika makofi."

Kilibaki kitu kimoja. Inspekta alipiga simu ule mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari. Fundi wa huko alipokea akiwa anatafuna.

"Siku ile? Aa, siku ile sisi hatukuwepo hewani kabisa, afande. Umeme ulikatika saa nne na dakika tano, ukarudi karibu saa tano. Jenereta nayo mbovu. Tuliwaandikia barua."

"Kwa hiyo saa nne na robo hamkupeleka sauti yoyote."

"Tungeipeleka na nini? Kwani huko hawakuona?"

Hawakuona. Kompyuta zilizobaki zilikisia kwamba sauti imekwenda, zikafungua maiki kama ratiba ilivyotaka. Sauti iliyopita hapo haikuwa ya rekodi. Fundi alikuwa nyuma ya mlango tangu saa nne kamili, anagonga kwa spana, anaita kwenye maiki iliyofungwa, na chumba kizima kilimsikia kwa sekunde arobaini na moja. Alikuwa hai saa nne na robo, na alisema kwa kinywa chake kwamba amerudi. Wala hangefika saa hiyo akiwa hai kama angekuwa humo tangu kabla dada yake hajatia alama, feni zimesimama. Dada yake aliangalia ukumbi, ukumbi ulikuwa mtupu. Ushahidi ulikuwa umekamilika, na Inspekta angetoa mshahara wa mwaka asiwe nao.

"Swali la mwisho," alimwambia Bwana Balaa, ambaye alikuwa amekaa chini ukutani, sakafuni. "Maiki ikijifunga, yeye hasikiki. Je, anasikia?"

Bwana Balaa alitikisa kichwa juu na chini. "Inafungwa upande mmoja," alisema. "Anasikia chumba kizima. Mpaka mwisho."

Garini Koplo aliendesha kilomita nne bila neno. Ilikuwa rekodi yake. Kisha akauliza, "Tumkamate nani, afande?"

"Endesha."

"Nauliza tu. Aliyechomoa kebo?"

"Amekufa. Tena aliichomoa vizuri."

"Meneja je? Aliyeweka feni na mlango kwenye waya mmoja?"

"Ilichorwa na watu wa miaka kumi na tano iliyopita, ikapitishwa na wakaguzi watatu. Nitaandika barua. Wataunda kamati." Alisugua macho. "Kila mtu alifanya kazi yake, Koplo. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Nimetafuta mzembe tangu asubuhi, sijapata hata mmoja wa kumtupia."

Saa tisa na dakika ishirini Mama Milango aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, aliyevaa gauni lililoletwa na mama yake, bado lina mikunjo ya kukunjwa. Alikaa wima.

"Umepata aliyeniona nikiingia?" aliuliza.

"Sikumpata. Nimepata kitu kingine. Hukusema uongo, ukumbi ulikuwa mtupu ulipoangalia. Alirudi baadaye. Uko huru."

Mama Milango alishusha mabega kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. "Nilijua," alisema. "Nilijua, Inspekta. Nimeangalia ukumbi ule mara mia, siwezi kutia alama kwa macho yaliyofumbwa. Umejuaje?"

Sheria ilisema mtuhumiwa anaachiwa akioneshwa sababu, anaisoma na kusaini. Inspekta alikuwa ametafuta njia ya kuikwepa sheria hiyo tangu garini. Hakuipata. Aliweka mezani nakala ya ukurasa wa kitabu cha mwandishi.

Mama Milango aliusoma mstari wa kwanza akatabasamu kidogo. "Hili ni balaa la saba. Nalikumbuka, nilivunja rekodi." Kidole chake kikashuka. Kikafika kwenye spana, kikasimama.

Inspekta alitazama ukuta. Alisikia pumzi ya yule mwanamke inatoka, hairudi, hairudi, kisha inarudi kwa kelele.

"Sauti ilitoka mji mwingine," Mama Milango alisema.

"Huko umeme ulikuwa umekatika."

"Nilibonyeza. Niliona mlango unafunguka. Niliona anatoka, alikuwa na kofia ya njano, alitembea mpaka kwenye mstari." Alisema haraka haraka, kana kwamba bado kuna la kuokoa. "Nilimwona akitoka, Inspekta."

"Najua."

"Aliponiita dada nilidhani Bwana Balaa ametia chumvi tena. Aliposema haujafunguka nilifikiri rekodi imekwama. Nikafunga tukio ili muda usipotee." Aliufunika mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa. "Nilimzima. Mimi mwenyewe nilimziba mdomo." Aliijua mashine ile kuliko Bwana Balaa, wala hakuhitaji kuuliza alilouliza Inspekta. "Walipopiga makofi nilisimama. Nikasema kwenye maiki, 'Huyu mdogo wangu hata akiwa ndani ya kompyuta lazima mimi ndiye nimfungulie mlango.' Wakacheka wote. Na mimi nikacheka."

Chini ya ukurasa mwandishi alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri: *meza ya usalama, mzaha, kicheko*. Inspekta alikuwa ameukunja ukurasa hapo. Kumbe kukunja hakukusaidia kitu.

Alitaka kusema neno. Katika chuo cha polisi walifundishwa maneno ya kusema, akayatafuta, yote yalikuwa ya watu waliokosa kitu au waliokosea. Hakuna lililokuwa la huyu.

"Saini hapa," alisema, akajisikia vibaya.

"Sisaini."

"Ukisaini unakwenda nyumbani."

"Andika niliweka alama bila kuangalia. Nitakiri. Nipeleke mahakamani, sitamtafuta hata wakili."

"Dada yangu, hukufanya kosa hilo."

"Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Mama yangu anaamini alikufa papo hapo," Mama Milango alisema. "Hilo ndilo lililomlaza jana usiku, shangazi aliniambia aliponiletea chai. Anasema mwanangu hakujua hata kilichompata. Akisikia kwamba aliita? Akaniita mimi, na mimi nikamsikia?" Alisukuma karatasi. "Miaka mitatu jela nitaimaliza. Hili Mama hatalimaliza."

"Siwezi kuandika uongo nikakufunga nao," Inspekta alisema. "Niombe kitu kingine chochote."

"Sina kingine."

Saa kumi kasoro dakika sita alisaini. Hakuwa na nguvu ya kubishana zaidi, na Inspekta hakuwa na sheria ya kumsaidia. Jalada lingefungwa na kupelekwa juu. Ndugu wakiliomba, watapewa. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Mama yao alikuwa ameketi kaunta. Alipomwona binti yake anatoka bila pingu alisimama upesi, akamshika mikono yote miwili, akamkagua uso, shingo, viganja, kana kwamba anarudishiwa kitu alichoazimisha.

"Wamekuachia! Nilijua. Niliwaambia, mwanangu si mzembe. Wamesemaje?"

Mama Milango alimtazama Inspekta mara moja juu ya bega la mama yake. Inspekta alifungua kinywa.

"Wamesema nilisahau kuangalia ukumbi, Mama," Mama Milango alisema. "Nilitia alama tu. Wameniachia kwa sababu ya msiba."

Mama alisimama vile vile. Mikono yake ilikuwa bado imeshika ya binti, lakini vidole vilikuwa vimelegea. "Ni kweli?" alimuuliza Inspekta. "Ni kweli, mwanangu?"

Jalada lilikuwa kwapani mwa Inspekta, na kila neno lililokuwamo alilitafuta mwenyewe. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisimama pale na nyota zake begani, mtu mzima asiye na la kufanya.

Mama alichukua ukimya ule kuwa jibu. Aliachia mikono ya binti yake.

"Lakini hakuteseka," alisema.

"Hakuteseka, Mama."

"Hakuita?"

"Hakuita mtu," alisema.

Mama alitikisa kichwa kwa shukrani, mara mbili. Kisha akajifunga kitambaa chake kichwani, akakaza fundo.

"Basi leo usije nyumbani," alimwambia binti yake, akashuka ngazi.